Re: Kifusi cha tonado uani, hati ina jina la marehemu

Bi Mwanaisha, Kentucky:
Assalaam alaykum jamaa. Paa limeondoka na mti umelalia banda la uani. Kaunti wanazoa cha barabarani tu, changu cha uani wanataka ROE, fomu ya mwenye nyumba kuwaruhusu waingie kwake. Leo dirishani wameona hati ya nyumba bado ina jina la marehemu mume wangu, wakanirudishia fomu bila maelezo. Nani kati yenu keshatia saini fomu hiyo kwa nyumba ya marehemu?

Salum:
Pole sana dada. Usichanganye mafungu: matawi mbali, mbao na plasta mbali, friji mbali, rangi na betri mbali. Jirani yangu alichanganya, gari likampita. Weka ukingoni mwa barabara, usizibe bomba la zimamoto.

Maalim Juma:
Salum, kasema kiko uani. Mjane aburure mti? FEMA, shirika la maafa la serikali kuu ya Marekani, haizoi kifusi, inairudishia kaunti gharama, fungu la kifusi liitwalo Kategoria A, asilimia 75, iliyobaki wanabeba jimbo na kaunti. Uani mwa mtu ni PPDR, yaani kuzoa kifusi kwenye mali ya mtu binafsi, na hailipwi mpaka FEMA ikubali kwamba kifusi kinahatarisha umma. Na kama bima imekulipa fungu la kuondoa kifusi, kaunti watalidai. Hulipwi mara mbili kwa kazi moja.

Salum:
75 ni kima cha chini, Maalim. Tonado ya Joplin, Missouri, 2011, kifusi kilipewa 90. Tuseme sawasawa, watu wanategemea haya.

Zuwena, Toronto:
Pole shoga yangu. Kwetu Wete, Pemba, paa likiezuliwa, kabla ya adhuhuri mtaa mzima uko kwako na mapanga, na chai inachemka kwa jirani. Wazee walikuwa wakitusimulia kimbunga cha 1872: mikarafuu ya Unguja ililala chini, Pemba ikasalimika, ndipo karafuu ikawa yetu. Na mpaka leo mkulima hana ruhusa ya kumuuzia ila shirika la serikali. Inaniuma.

Maalim Juma:
Zuwena, karafuu ifungulie mada yake.

Zuwena:
Wamiliki wa karafuu hiyo ni wazazi wangu, Maalim. Nitaisema popote.

Bi Mwanaisha:
Ahsanteni, friji nimeitenga. Watoto wako tayari kusaini wote kama warithi. Inatosha, au lazima mahakama kwanza?

Salum:
Dada, wakija watu na misumeno wakitaka pesa mbele, usitoe hata senti. Leseni na bima yao kwanza. Na piga picha kila kitu kabla hakijaguswa.