Panya wamehamia kwenye IST yangu, nisaidieni kabla hawajamaliza waya

Baba Soksi (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu iko Dodoma, familia iko Morogoro, Kihonda. IST naiacha nyumbani wiki mbili hadi tatu, mama watoto haendeshi. Ijumaa nimefika, napiga stata, gari likawaka kwa kukohoa, taa ya injini kwenye dashibodi ikagoma kuzima. Nafungua boneti nakuta kiota juu ya betri, ukubwa wa ngumi mbili. Wamenyofoa sponji ya boneti, wakachanganya na majani, maganda ya karanga na soksi ya mwanangu tuliyoitafuta tangu Pasaka. Waya mbili za koili zimebaki shaba tupu.

Fundi kaziunga, kachukua elfu arobaini, kaniambia "weka sumu". Jumapili asubuhi nafungua tena, majani mabichi yako palepale.

Mji huu huu ndio panya buku wanafundishwa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Hawa wangu sijui wamesomea wapi. Nawasilisha.

Mzaramo Halisi:
Fuga paka. Uzi ufungwe.

Baba Soksi:
Paka tunaye mkuu. Yeye analala juu ya boneti, wao wanalala chini yake.

Fundi Waya:
Mkuu, sumu usiweke ndani ya gari. Nimeshafungua Noah moja dashibodi yote, siku nzima, kumtafuta panya mmoja aliyekula sumu akaenda kufia kwenye njia ya hewa ya AC. Mwenye gari alikuwa anaendesha vioo vyote chini, na mvua inanyesha. Tena paka wako akimla panya mwenye sumu, naye anaweza kuondoka.

Kwanza kagua sehemu mbili ambazo fundi wako huenda hakuzigusa: boksi la ea klina, na chujio la AC nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Kwa IST unalitoa kwa mkono, bila spana. Ukikuta limetobolewa au lina mkojo, nunua jipya. Halafu ukipaki, weka AC kwenye kuzungusha hewa ya ndani kabla hujazima, ule mlango wa hewa ya nje chini ya waipa unabaki umefungwa. Na kagua mipira ya mafuta. Waya ukiliwa gari linagoma tu, mpira wa mafuta ukiliwa unaweza kuwaka moto nalo.

Mjuzi wa Mtandaoni:
Shida ni magari ya kisasa, waya wanafunika kwa plastiki ya soya. Panya anaona chakula.

Fundi Waya:
Hiyo ya soya naisikia kila siku. Ila nimeshaunga waya za Land Rover iliyotengenezwa kabla mimi sijazaliwa, nazo zilitafunwa vilevile. Meno ya mbele ya panya hayaachi kuota, asipotafuna yatamzidi. Anachofuata kwako ni giza, joto la injini na utulivu. Honda wanayo hadi tepu ya kuzungushia waya yenye ukali wa pilipili, ukiipata sawa. Pilipili ya kupaka mwenyewe, injini ikipata moto mara kadhaa au ukiosha gari, imekwisha.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, pole. Hicho kiota umekitoa na nini? Usije ukakifagia kikavu au kukipuliza kwa upepo wa kompresa. Vaa glovu na barakoa, lowesha kwanza kwa Jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, acha dakika tano ndipo ufute. Mkojo wa panya unaleta homa ya mgunda, ile iliyoua watu Lindi mwaka 2022. Na hiyo soksi choma, usiifue.

Baba Soksi:
Shikamoo mama. Nimekitoa kwa mikono mitupu. Soksi ilishafuliwa, imevaliwa shule leo.

Nesi Mstaafu:
Marahaba. Mvue. Na wewe ukisikia homa na misuli ya miguu inauma, nenda hospitali na uwaambie habari ya panya, wasikupime malaria tu.

Mkulima wa Dakawa:
Mnahangaika na gari tu. Linalala wapi? Kuna nini ndani ya mita kumi?

Baba Soksi:
Kibandani, ubavuni mwa banda la kuku. Magunia ya pumba na mahindi yanakaa upande wa pili wa ukuta.

Mkulima wa Dakawa:
Basi umemjengea sebule karibu na jiko. Usiku nyunyiza unga mwembamba chini kuzunguka gari, asubuhi soma nyayo zinatoka wapi. Pumba iingie kwenye pipa la chuma lenye mfuniko. Matundu ya ukuta ziba kwa saruji na wavu wa chuma, maana panya mdogo anapita hata tundu la unene wa penseli. Mitego ya kufyatua iweke kufuata ukuta, chambo siagi ya karanga, sehemu ambayo paka na watoto hawafiki. Na kama geti lako lina usalama, boneti ilale wazi. Hawapendi kulala kwenye mwanga na upepo.

Mzaramo Halisi:
Naphthalene je? Ile ya kabatini.

Fundi Waya:
Ndani ya gari mtavuta ninyi ule mvuke wake. Achana nayo.

Baba Soksi (baada ya wiki tatu):
Mrejesho. Unga ulionyesha njia nyembamba kama imepigwa rula, kutoka tundu la banda hadi tairi la mbele kushoto. Nimeziba, pipa limenunuliwa, mitego imekamata saba. Dereva wa jirani analiwasha na kulizungusha mtaani kila baada ya siku mbili. Boneti leo safi.

Kilichobaki ni mama watoto. Anasema kuku wake wana miaka minne pale na panya hawakuwepo, wameletwa na gari. Nimenyamaza, maana pipa kanunua yeye.