Rwagasore angenusurika, Burundi ingegawanyika?

Mada: Prince Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami (mfalme) wa Burundi na waziri mkuu mpya, alipigwa risasi 13 Oktoba 1961 katika Hoteli Tanganyika, Usumbura (leo Bujumbura), akiwa mezani anakula. Siku 25 kabla, chama chake, UPRONA, kilikuwa kimezoa viti 58 kati ya 64 vya bunge. Je, angeishi, nchi ingeshika njia nyingine?

Mchangiaji wa kwanza: Naamini ingeshika. Novemba 1960, Wabelgiji waliotawala nchi wakiwa wamemzuilia Bururi, UPRONA ilibwagwa na chama pinzani, PDC, katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Septemba 1961 yuko huru, anahutubia mwenyewe, matokeo yakageuka kabisa. Chama ni kilekile, wapiga kura ni walewale.

Wa pili: Ndugu yangu, hapo umeruka kitu. Mwaka 1961 Umoja wa Mataifa nao ulikuwa unasimamia kura, kwa hiyo huwezi kumhesabia yeye ushindi wote. Halafu kuna Mwami Mwambutsa, baba yake mzazi. Mwaka 1965 Wahutu walipata viti 23 kati ya 33, Mwami akamteua Léopold Biha, mtu wa ikulu, kuwa waziri mkuu. Rwagasore angefanya nini mbele ya baba anayeteua mawaziri wakuu apendavyo? Na hofu kati ya Wahutu na Watutsi, iliyovuka mpaka kutoka Rwanda baada ya mapinduzi ya Wahutu ya 1959, ingeingia tu, yeye awepo asiwepo.

Wa tatu: Mimi natazama pengo aliloliacha. Mwaka 1960 Wabelgiji waliwakataza jamaa wa karibu wa Mwami kushika vyeo vya siasa, ndiyo maana ndani ya chama aliitwa mshauri tu. Nguvu ilikuwa kwake binafsi, haikuwa kwenye kiti, na mtu wa namna hiyo harithiki. Alipokufa, shemeji yake André Muhirwa akachukua uwaziri mkuu, Paul Mirerekano, kiongozi wa Kihutu ndani ya UPRONA, akadai chama ni chake. Ugomvi huo ndio uliozaa kambi mbili ndani ya chama: Casablanca, ya Watutsi zaidi, na Monrovia, ya Wahutu zaidi. Januari 1962, hata uhuru haujafika, vijana wa chama waliobeba jina la Rwagasore waliua viongozi wa Kihutu kule Kamenge. Inauma sana, maana mkewe mwenyewe alikuwa Mhutu.

Wa kwanza: Basi tunakubaliana kuliko unavyodhani. Sidai angeizuia hofu ya Rwanda. Nadai kwamba Julai 1962, uhuru ulipofika, hofu hiyo ingekikuta chama kizima, chenye msemaji mmoja anayesikilizwa na pande zote mbili. Iliwakuta Muhirwa na Mirerekano wakivutana shati.

Wa pili: Hilo la chama nalikubali. La Mwami bado hamjanijibu.