Kamera ya kwanza, na Bibi karibu na dirisha

Kikundi: UKOO WA BIBI

*Ijumaa jioni*

Mimi: Shikamooni wakubwa wote. Nimekuja na swali. Nimeweka akiba mwaka mzima na sasa nataka kununua kamera yangu ya kwanza, DSLR, ile ya kubadilisha lenzi. Nimebaki na tatu kichwani: Canon 4000D, Canon 2000D na Nikon D3500. Kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa.

Mama: Marahaba mwanangu. Ngoja wajuzi waje.

Shangazi: Marahaba mama. Lakini mbona usitumie simu? Yangu imeandikwa megapikseli 108. Hizo zako zina ngapi?

Mimi: 4000D ina 18, hizo mbili nyingine zina 24.

Shangazi: Sasa si unarudi nyuma?

Binamu: Shangazi, megapikseli ni idadi ya vijidoa tu, haikwambii kila kimoja kimepokea mwanga kiasi gani. Kile kibamba kinachopokea mwanga ndani ya D3500 kina milimita 23.5 kwa 15.6. Cha simu nyingi unakifunika kwa ukucha. Mvua ikinyesha, beseni hukinga maji mengi kuliko kikombe. Ndiyo maana picha za simu za usiku zinajaa chengachenga, au simu inazilainisha mpaka uso unakuwa kama umepakwa nta.

Shangazi: Hapo nimekuelewa. Picha zangu za usiku ziko hivyo hivyo.

Mjomba: Marahaba mpwa wangu. Kabla ya kutaja jina la kamera, niambie unataka kupiga nini.

Mimi: Nataka kumpiga Bibi picha. Picha moja nzuri ya kutundika ukutani. Ya Babu tunayo moja tu, na kila nikiiangalia namshukuru Mungu kwamba ipo. Ya Bibi hatuna. Zote ziko kwenye simu, na amefumba macho au amegeuka.

Mama: Umenigusa.

Mjomba: Ile ya Babu niliipiga mimi. Kwa filamu, na lenzi ya Nikon ya milimita 50, aina ya AF, tundu lake la mwanga hufunguka hadi f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Kamera ilishakufa, lenzi ninayo mpaka leo na kioo chake ni safi. Ukinunua Nikon, ni yako.

Mimi: Mjomba!! Basi nimeshaamua. D3500.

Binamu: Subiri dada. Mjomba samahani, ni lazima aambiwe kabla hajatoa pesa. D3500 haina mota ya fokasi, yaani ya kulenga ili picha iwe kali, ndani ya kamera yenyewe. Lenzi za AF za zamani zilitegemea mota ya kwenye kamera, ile inayozungusha kijiskurubu kwenye mdomo wa lenzi. Kwenye D3500 lenzi ya Mjomba itaingia, itapima mwanga vizuri, ila haitajilenga yenyewe. Utazungusha kwa mkono. Fokasi ya otomatiki unaipata kwa lenzi zenye mota ndani yake tu, kama za AF-S na AF-P.

Mjomba: Ni kweli. Hilo nililisahau.

Binamu: Kwa Canon tatizo hili halipo. Tangu mfumo wa EF uanze mwaka 1987, mota inakaa ndani ya lenzi, kwa hiyo lenzi yoyote ya EF yenye fokasi ya otomatiki inajilenga kwenye 2000D. Watu wengi wananunua Nikon ndogo na lenzi ya bei nafuu, wanafika nyumbani wanadhani imeharibika.

Mimi: Kwa hiyo nichukue Canon?

Mjomba: Swali la Bibi na swali la kamera ya kila siku ni mawili. Bibi anakaa ametulia. Mtu aliyetulia unamlenga kwa mkono bila shida, mimi nimefanya hivyo miaka mingi. Watoto wanaokimbia utawapiga kwa lenzi ya milimita 18-55 inayokuja na kamera, hiyo inajilenga.

Kaka: Na hizo tatu zenyewe zinatofautianaje? Mimi naona zote nyeusi.

Binamu: 4000D ningeiacha. Mdomo wake wa kushikia lenzi ni plastiki, wa hizo mbili ni chuma. Swichi ya kuwashia wameiunganisha na gurudumu la juu. 2000D ni nzuri, ina Wi-Fi ya kutuma picha kwenye simu. D3500 inatumia Bluetooth, ambayo ni ya taratibu, lakini betri yake kwa kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera, inafika picha 1,550 kwa chaji moja. Ya 2000D ni kama 500. Mtu anayejifunza anapiga mamia kwa siku, kwa hiyo betri kwangu ni jambo kubwa. Zote mbili hazina tundu la maikrofoni. Kama ungekuwa mtu wa video ningekuambia uangalie kwingine.

Kaka: Nasikia hizi DSLR, kamera zenye kioo cha kuakisi ndani, zimekwisha muda wake.

Binamu: Kampuni zote mbili zimehamia kamera zisizo na kioo, na D3500 ya mwaka 2018 ndiyo ya mwisho katika safu yake. Kwa mnunuzi wa kwanza hiyo ni heri. Watu wanauza za zamani, nyingine hazijatumika sana, na picha zake hazijapungua ubora kwa sababu kuna toleo jipya.

Mjomba: Basi ya mtumba nitakufundisha kuikagua. Sikiliza vizuri, maana mimi nililia kwa hili. Niliwahi kununua lenzi kwa mtu, naiona inang'aa nje, sikuangalia ndani. Ilikuwa na kuvu. Nyuzinyuzi nyeupe kama utando wa buibui kati ya vioo. Haikufaa tena.

Chukua tochi ya simu. Toa lenzi, imulike upande mmoja na wewe uchungulie upande wa pili. Vumbi kidogo si neno. Utando, kataa. Kisha irudishe kwenye kamera, zungusha gurudumu kwenye A, ambapo wewe unachagua tundu, weka f/22, tundu dogo, piga ukuta mweupe au anga, kisha ikuze picha kwenye skrini. Madoa meusi yasiyohama kutoka picha hii kwenda ile ni uchafu wa ndani. Machache yanasafishika kwa pampu ya mkono ya kupuliza. Usipulize kwa mdomo hata siku moja, mate yanaganda pale.

Betri itoe, iweke mezani. Ikiwa imevimba, hailali vizuri. Na nenda na kadi yako ya kumbukumbu, upige, uone inaandika.

Mama: Kaka yangu, asante. Mimi nisingejua hata kimoja.

Shangazi: Na kile kifurushi nilichokiona kwenye tangazo, kamera na begi na stendi na vilenzi viwili vya ziada?

Binamu: Vile vilenzi vinaskuruliwa mbele ya lenzi yako, si lenzi kamili. Vinaharibu kioo kizuri ulichokilipia. Hiyo pesa ni bora iende kwenye betri ya pili.

*Jumatano usiku*

Mimi: Nimeipata. D3500 na 18-55, ya mtumba. Nimekagua kila kitu kama Mjomba alivyosema, mwenye nayo alinisubiri kwa subira kubwa. Ukuta ulitoka na doa moja tu.

Shangazi: Hongera sana mama!

Kaka: Hongera. Tuone picha.

Mimi: (picha 3) Wapwa wakicheza sebuleni. Zote zimetikisika. Na lenzi imeandikwa VR, nilidhani inazuia mtikisiko.

Binamu: VR inatuliza mkono wako, haiwatulizi watoto. Angalia taarifa za picha, shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa sehemu ya sekunde, ilikuwa ngapi?

Mimi: 1/15.

Binamu: Hapo ndipo. Mtoto anayekimbia anataka 1/500 hivi, akicheza ameketi labda 1/250. Weka gurudumu kwenye S, ambapo wewe unachagua shata, chagua 1/250, na ISO, wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipandishe yenyewe. Picha yenye chenga kidogo unaweza kuiokoa, iliyotikisika hakuna anayeiokoa.

Mimi: ISO nikiipandisha si inaharibu?

Binamu: Kidogo. Kwa D3500 mimi ningefika 3200 bila wasiwasi.

Mama: Mbona nikichungulia pale mimi naona ukungu tu, yeye anasema anaona vizuri?

Mjomba: Dada yangu, una miwani. Kando ya kidirisha cha kuchungulia kuna kidude kidogo cha kuzungusha. Usiangalie mtu wala mti, angalia namba zilizoandikwa chini ndani ya kidirisha, zungusha mpaka zisomeke kali. Na mpwa wangu nawe fanya hivyo kwa jicho lako kabla hujafunga lenzi yangu. Usipofanya, utalenga kwa mkono kitu ambacho jicho lako linadanganywa.

Mama: Subhanallah, sasa naona.

*Jumamosi asubuhi*

Mimi: Mjomba shikamoo. Lenzi imefika, asante sana, nimeishika kama yai. Lakini nimeifunga na kamera inaandika FEE, haifyatui.

Mjomba: Marahaba. Usiogope. Lenzi ile ina pete ya namba karibu na mdomo. Izungushe mpaka 22, kisha kuna kidude kidogo cha kufungia, kisukume kiifunge hapo. Ikishafungwa, tundu la lenzi linaendeshwa na kamera yenyewe.

Mimi: Imekubali!

Mjomba: Sasa nisikilize kuhusu Bibi. Lenzi yako ya 18-55 ukiivuta hadi 55, tundu lake kubwa ni f/5.6. Hii inafunguka hadi f/1.8. Hiyo ni karibu mara 10 ya mwanga. Utaona chumba kilekile ulichokiona cha giza kinang'aa. Lakini usifungue yote. Ukiwa mita moja na nusu kutoka kwake kwa f/1.8, kinachoonekana kikali ni sentimita sita hivi tu, mbele na nyuma kwa pamoja. Jicho likiwa kali, sikio limeshapotea. Anza na f/2.8.

Binamu: Na kuna kitu kitakachokusaidia. Ndani ya kidirisha, kushoto chini, kuna kitone cha kijani. Hata ukilenga kwa mkono kinawaka pale sehemu uliyochagua inapokuwa kali. Chagua nukta moja kati ya zile 11, iweke juu ya jicho lililo karibu nawe, zungusha polepole mpaka kitone kitulie. Usizungushe tena. Fyatua.

Mimi: (picha 1) Jaribio la kwanza. Bibi amekuwa kivuli.

Mjomba: Umemweka mbele ya dirisha. Kamera imeona mwanga mwingi nyuma yake ikadhani kila kitu king'avu, ikapunguza. Mgeuze Bibi. Dirisha liwe ubavuni kwake, kidogo mbele. Nyuma yake iwe sehemu ya chumba yenye giza. Na zima taa ya dari.

Shangazi: Taa izimwe? Si atakosa mwanga?

Mjomba: Taa ya dari ina rangi ya njano na dirisha lina rangi ya buluu. Zikikutana usoni, shavu moja linakuwa la mgonjwa. Mwanga mmoja unatosha, na wa dirisha ndio mpole kuliko wote. Flashi ile ndogo ya kamera usiiguse, inamkandamiza mtu uso ukawa bapa.

Binamu: Weka pia RAW, faili ghafi la kamera, pamoja na JPEG, picha ya kawaida. Rangi ikikosea utarekebisha baadaye bila kupoteza kitu.

Mimi: Sawa. Bibi anasema miguu inamuuma kukaa hivyo.

Mama: Mletee mto mgongoni. Na usimwambie atabasamu, mama yangu hapendi kuagizwa. Muulize habari za Babu alipokuwa kijana.

Mjomba: Dada umenena. Mimi Babu nilimpiga akisimulia jambo.

*Jumamosi mchana*

Mimi: (picha 1)

Mama: Ee Mungu wangu.

Shangazi: Huyu ni mama yetu kabisa. Ametulia hivi hivi anapokumbuka kitu.

Kaka: Hii umeipiga wewe?

Mimi: Mimi, kwa lenzi ya Mjomba. f/2.8, shata 1/125, ISO 400. Nilipiga 63. Alianza kusimulia siku Babu alipokuja kwao mara ya kwanza, nikasahau kuzungusha, kisha nikakumbuka. Kitone kikatulia, nikafyatua.

Binamu: Umelenga jicho la kushoto sawasawa. Hongera dada, kweli.

Mjomba: Mpwa wangu, hapa kwenye kikundi picha inapunguzwa. Nitumie yenyewe, kama faili, si kama picha. Kamera yako inatoa pikseli 6000 kwa 4000, inatosha kuchapisha karibu nusu mita upana bila kuchakaa. Nataka itundikwe pembeni ya ile ya Babu.

Mimi: (faili 1)

Mama: Bibi anauliza kama imetoka. Nimemuonyesha kwenye simu yangu, ameishika muda mrefu hajasema kitu. Sasa anasema siku ile ya kwanza Babu alisimama mlangoni, hakukaribishwa haraka. Anasema hakuwahi kumwambia mtu.

Mjomba: Imefika. Naikuza sasa hivi. Naliona dirisha zima ndani ya jicho lake, na mtu mdogo amesimama amebeba kamera.