Tamthilia ya Shakespeare kwa wanafunzi wa Tabora: iachwe au isomwe? Karibuni tujadili

Habari zenu wadau wa elimu. Naombeni tuliongee hili kwa uwazi maana limeshazua maneno hapa Tabora mjini. Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha tano na sita, na madogo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) nimewasomesha Julius Caesar ya Shakespeare, ile tamthilia ya huzuni ya mkubwa wa Roma kuuawa na watu wake wa karibu. Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja akasimama akasema mtoto wa Ipuli na Roma ya miaka elfu mbili iliyopita wapi na wapi, huo ni ukoloni tumeung'ang'ania, bora muda huo wafundishwe Kiingereza cha kuombea kazi. Akapigiwa makofi, na walimu wenzangu kadhaa wako upande wake. Namheshimu yule mzee, anasomesha kwa jasho la tumbaku, ila kwa hili sikubaliani naye.

Kwanza tuangalie humo ndani kuna nini, maana wengi tuliisoma kwa madesa tu. Brutus, rafiki wa Caesar, na wenzake wameshamchoma Caesar visu, Brutus anasimama mbele ya wananchi anawaambia alimpenda Caesar ila Roma aliipenda zaidi, watu wanashangilia, mpaka kuna anayetaka yeye sasa ndo awe Caesar. Anamaliza, anapanda Antony, mtu wa Caesar. Anasema amekuja kuzika hajaja kusifu, anarudiarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, anatoa wosia wa Caesar halafu anagoma kuusoma mpaka watu wenyewe wamlilie ausome, analia, anawaonyesha joho lenye matundu ya visu, mwisho anawatajia hela walizoachiwa humo, drakma 75 kwa kila raia. Walewale waliomshangilia Brutus sasa hivi tu wanakimbia kwenda kuchoma nyumba yake! Na huko njiani wanakutana na mshairi anaitwa Cinna, jina lake sawa na la mmoja wa wauaji, anawaambia mimi ni Cinna mshairi siyo yule mwingine, wanamshambulia hivohivo, eti kwa sababu ya mashairi yake mabaya.

Hapo darasa zima lilikaa kimya, halafu binti mmoja akasema mwalimu hii si ndo ile ya sokoni, mtu mmoja anapiga kelele mwizi, wengine wanaokota mawe hata hawajui kaiba nini. Mimi sikuwa nimelisema hilo, kalitoa mwenyewe. Na mkienda mbele kidogo, mwanzo wa sehemu ya nne, Antony yuko na washirika wake wapya, Octavius na Lepidus, wanapanga nani auawe, na anaagiza ule wosia uletwe waangalie namna ya kupunguza yale malipo. Yaani zile hela alizowaahidi watu huku analia! Kijana wa miaka kumi na nane anayekwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza akishaiona hiyo sidhani kama atasikiliza hotuba ya jukwaani kwa masikio yaleyale.

Sasa hili la ukoloni. Ndugu zangu, Mwalimu Nyerere alisoma hapahapa Tabora kuanzia 1937, akitoka Makerere akarudi kufundisha St. Mary's hapahapa, na 1963 akiwa tayari Rais ikatoka tafsiri yake ya tamthilia hiihii kwa Kiswahili. Huyu ndo aliyemtoa mkoloni, na bado aliona ina kitu cha kuwapa Watanzania. Kule Afrika Kusini wafungwa wa kisiasa wa gereza la Robben Island walipitishiana kitabu cha Shakespeare kilichofunikwa kwa picha za Diwali, sikukuu ya Wahindu, ili askari wadhani ni cha dini, kila mmoja akaweka saini pale palipomgusa, na Mandela aliweka yake tarehe 16 Desemba 1977 kwenye hiihii Julius Caesar, pale Caesar anaposema mwoga hufa mara nyingi kabla ya kifo chake. Watu hao walipigana na ukoloni na ubaguzi uso kwa uso, hawakuogopa kusoma.

Halafu mtoto wa Unyanyembe, yaani wa huku kwetu Tabora, ana cha kuisaidia hii tamthilia. Brutus akishindwa vita anawaomba wenzake mmoja baada ya mwingine wamsaidie kufa kuliko kuburuzwa Roma akiwa mateka, wanakataa mpaka anapatikana Strato wa kumshikia upanga. Huku kwetu Mtemi Isike alijilipua kwa baruti Januari 1893 Wajerumani walipovunja ngome yake. Wanafunzi wangu wamebishana vipindi viwili, ule ni ushujaa au ni kukata tamaa, na wamebishana kwa Kiingereza, wale wanaosemwa hawawezi.

Kuna wanaosema kwa nini isiwe Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 kuhusu kiongozi wa vita vya Maji Maji, na yeye mwenyewe ameiweka kwa Kiingereza. Hiyo hoja naikubali kabisa na ningependa zisomwe pamoja, maana zote zinahusu kiongozi na maneno yanayomshinda nguvu yakishafika kwa watu. Ila kuongeza Kinjeketile siyo sababu ya kumfukuza Shakespeare.

Pale mzee alipo na hoja nzito ni kwenye lugha. Hawa watoto wamesoma msingi kwa Kiswahili, kidato cha kwanza wakabadilishiwa ghafla, leo unawapa Kiingereza cha mwaka 1599. Ukiwakalisha kimya wasome kurasa halafu uwape nukuu za kukariri kwa ajili ya mtihani unawatesa bure, na huko ndiko wengi tulikotesewa. Ila hii iliandikwa ichezwe. Mimi huwatoa nje chini ya miembe, kundi moja ni wananchi wa Roma, wanapiga kelele kwelikweli, tafsiri ya Mwalimu iko pembeni, wakikwama wanasoma kwanza Kiswahili ndo wanarudi Kiingereza. Brutus anaongea kwa nathari, yaani maneno ya kawaida, Antony kwa ushairi, na wanafunzi wenyewe wameligundua hilo kwa masikio kabla sijawaambia, wakasema huyu wa pili ana mdundo. Sehemu ya tano ukiacha kifo cha Brutus tunaipitia haraka tu.

Na barua ya kuombea kazi nafundisha pia, wala haihitaji muhula mzima.

Kwa hiyo anayesema iachwe naomba aje na kazi nyingine ya jukwaani itakayowafundisha watoto namna umati unavyogeuzwa kwa hotuba moja, nitaisoma na nitaijaribu darasani. Na walimu wa Nzega, Urambo, hata Kigoma mlioichezesha na wanafunzi, semeni mlifanyaje, hasa mlipokuwa na nakala chache darasa limejaa, maana hapo ndo ninapokwama mimi.