Nyoka wa kwenye ngazi za nyuma: nimeshamzoea, nimuache au nimtoe?

Mzee_wa_Kibaraza
Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri, povu ruksa.

Nyuma ya nyumba yangu kuna ngazi tatu za mawe, na kati ya jiwe la pili na la tatu pana ufa. Humo anaishi nyoka. Wa kahawia, mwembamba, urefu kama mkono wangu. Giza likianza kuingia anatoa kichwa, anachezesha ulimi, anatulia kidogo, halafu anateremka taratibu kama mafuta yaliyomwagika na kuambaa na ukuta hadi kwenye rundo la kuni. Huu mwezi wa tatu namvizia. Nakaa kwenye kiti changu, kimya, na najikuta mchana kutwa naisubiri hiyo saa. Panya waliokuwa wanatutafunia magunia stoo nao sijawasikia siku nyingi.

Juzi kajivua gamba. Limegeuka ndani nje kama soksi, na pale penye jicho kuna kijiduara kinachong'aa kama kioo cha saa. Nimelihifadhi kwenye droo.

Shida ni mama watoto. Mjomba wake aliwahi kung'atwa mguu, na mnajua aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaniambia nichague, nyoka au yeye. Tuna mtoto wa miaka miwili. Nifanyeje?

Fimbo_Ndefu
Nyoka ni nyoka. Ua, choma, kalale. Hayo mapenzi yako utakuja kutusimulia ukiwa wodini.

Siti_ya_Mbele
Nimeweka kambi hapa. Shemeji akishinda mtuambie.

GambaLaini
Fimbo_Ndefu, anayemwendea nyoka na fimbo ndiye anayejiweka karibu na meno yake. Na ukikikata kichwa bado kinaweza kung'ata, usikiokote.

Mtoa mada, kabla ya lolote mjue ni nani. Vuta picha kwa simu ukiwa mbali. Kuna nyoka wa kahawia wa Afrika wanaopenda sana kukaa majumbani, hawana sumu, wanawinda usiku na panya wanamnyonga kwa kumviringa. Wengi wao wana mistari miwili myeupe kila upande wa kichwa, mmoja unatoka puani unapita kwenye jicho. Maelezo yako yanafanana, lakini kufanana si ushahidi. Swila mchanga, mwenye sumu, naye anaweza kuwa wa kahawia.

Hilo gamba usilipime ukadhani ndio urefu wake, likivuliwa hutanuka. Liangalie kwenye mwanga: kila kigamba kikiwa na mstari uliotuna katikati, kama wa kifutu, ondoka hapo. Yakiwa laini bado usishangilie. Ya swila pia ni laini.

Jicho_Wima
Mimi naangalia mboni tu. Ikiwa wima ana sumu, ikiwa duara hana. Kichwa cha pembetatu ndio usiseme.

GambaLaini
Mkuu, hiyo itakuua. Swila na koboko mboni zao ni duara. Huyo nyoka-nyumba asiye na sumu ndiye mwenye mboni ya wima. Yupo na yule mla mayai, hana meno ya maana, lakini ukimkera anasugua magamba yake yanatoa mlio kama kifutu na kichwa anakitanua. Maigizo matupu. Na mpaka uione mboni vizuri, umeshasogea mno.

Rafiki_wa_Wanyama
Wangu nilimzoesha hadi nikawa namshika mkononi. Anakujua.

KobeMzee
Hakujui, amekuvumilia. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, mtu aliyewasoma maisha yake yote, aling'atwa kidole na nyoka mdogo wa mitini. Akaona sumu iliyoingia ni kidogo, akakaa nyumbani anaandika dalili zake. Kesho yake akafariki. Kama yule alikosea, mimi na wewe tunagusa nini?

Mzee, kutazama endelea, ila kwa masharti. Kiti kirudishe nyuma hatua kadhaa. Usiku tochi na viatu vilivyofunika mguu. Kuni ziinue juu ya kichanja, na mtoto asicheze upande ule kabisa. Usilale chini, na chandarua kichomeke vizuri chini ya godoro. Mafuta ya taa na vitunguu saumu sahau, utapoteza muda.

Zamu_ya_Usiku
Nakazia kwa upande wa hospitali, maana huwa tunawapokea. Akiumwa mtu: vua pete na bangili, atulie, sehemu iliyoumwa isitikiswe, muwahi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usibandike jiwe jeusi. Akitemewa sumu machoni, osha kwa maji mengi, usifikiche, kisha hospitali. WHO inakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa nyoka, kwa hiyo woga wa shemeji msiufanyie utani. Mjue leo, kabla hamjahitaji, hospitali ipi karibu yenu ina hiyo dawa.

Mzee_wa_Kibaraza
Wakuu, mrejesho. Kuni nimezihamisha, kiti nimekirudisha nyuma, na dirishani nimebandika namba ya hospitali. Tumekubaliana na mke wangu kwamba nitamwita mtaalamu wa kuhamisha nyoka aje aone kwanza, akisema ni wa sumu anaondoka naye siku hiyohiyo.

Picha nimepata nane kwa siku nne. Mistari ya kichwani ipo. Ila jana usiku nikizikuza nimeona kitu: wa Jumanne mkia umechongoka vizuri, wa Alhamisi mkia umekatika ncha, butu kabisa. Kumbe wako wawili.

Hilo bado sijamwambia.