Mbegu za volubilis hazioti, nisaidieni (Goma, Katindo)

MwanaGoma: Habari zenu wakubwa. Nina mbegu za volubilis, lile ua la kutambaa linalofunguka asubuhi na kujikunja mchana. Nilizifukia kwenye kopo la maziwa ya unga, namwagilia kila siku, hakuna hata moja iliyochomoza. Wakati unanibana.

MamaFuraha: Kopo ulilitoboa chini?

MwanaGoma: Hapana mama, ila maji natia kidogo.

MamaFuraha: Basi zimeoza.

FundiBustani: Zilizobaki usizitupe. Ganda lake ni gumu, maji hayapenyi. Likwaruze kwa msasa mpaka uone weupe, kisha loweka kwa maji ya vuguvugu usiku kucha. Iliyovimba ipande, kina sentimita 1 au 2. Isiyovimba kwaruza tena. Mji wetu uko mita 1,500 hivi na usiku ni baridi, kwa hiyo kopo lisilale kwenye simenti. Bora zaidi panda palepale itakapokaa, mizizi yake haipendi kuhamishwa. Itakaa wapi?

MwanaGoma: Ukutani.

BabaBukavu: Huku kwetu tunapanda maracuja, yaani pasheni. Inatambaa, inachanua, na unakula. Marehemu mama aliipandisha kwenye waya wa nguo, watoto wa avenyu nzima wakawa hawatoki kwetu. Ua lisiloliwa la nini, ndugu yangu?

FundiBustani: Ukuta wa nani? Na wakati unabana kwa nini?

MwanaGoma: Haya, nasema. Tunapanga. Mwenye nyumba ametupa préavis, notisi ya kuhama, ya miezi mitatu. Mke wangu anataka ukuta uchanue kabla hatujatoka. Nimeshavunja makoro, haya mawe ya volkano, nimechimba mashimo na udongo nimenunua. Siachi.

MamaFuraha: Pesa ya udongo ungeitia kwenye garanti, amana ya kupangia nyumba mpya! Na una watoto? Mbegu hizo ni sumu. Mtoto akizitafuna anatapika, anaona vitu visivyokuwepo. Ziweke juu kabisa.

MwanaGoma: Ninaye mmoja, anatambaa. Nazihamisha sasa hivi.

KijanaBirere: Huu uzi ni wa kutunga. Juzi huyu alisema yuko Himbi, leo Katindo. Na nani anafukuzwa halafu anavunja mawe kwa ajili ya maua?

BabaBukavu: Hata mimi nimeanza kujiuliza.

MwanaGoma: Himbi ni kwa mama. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Mei 2021 tulikimbilia Sake. Tuliporudi, ule ukuta ulikuwa umepasuliwa na matetemeko, nikauziba kwa mikono yangu. Mbegu ninayo kiganjani: nyeusi, ina pembe tatu, nimeikwaruza ubavuni na weupe unaonekana. Nitunge ili nipate nini?

KijanaBirere: Basi pole, kaka.

FundiBustani: Toka mbegu hadi ua ni miezi miwili, wakati mwingine mitatu, kwa hiyo mnaweza kuwahi. Samadi usizidishe, utapata majani tu. Na nyingine panda kwenye bidon, madumu ya plastiki, zilizokatwa na kutobolewa, utie kijiti cha kukwelea. Hizo mtahama nazo. Maua yakinyauka, acha vifuko vya mbegu vikauke palepale juu, mbegu mtabeba.

MamaFuraha: Afadhali zote ziwe kwenye bidon.

MwanaGoma: Mbili natia kwenye bidon, mama. Zinazobaki zinaenda ukutani. Mwenye nyumba akitaka kuzing'oa, azing'oe yeye. Nimeshaziloweka, kesho asubuhi naangalia zilizovimba.