Naomba ushauri: leza kwa mtoto mwenye jicho vivu

Habari zenu ndugu. Binti yangu ana miaka 6, tuko Mbarara, Uganda. Jicho lake la kushoto ni vivu, yaani halioni vizuri kwa sababu ubongo haujazoea kulitumia. Amepewa miwani na kibandiko cha kuziba jicho la kulia lisilo na tatizo, lakini akizibwa tu analia, anakibandua na kukificha chini ya mto. Sasa shemeji anashikilia tumpeleke India akapigwe leza. Daktari anasema leza hurekebisha konea tu (utando angavu wa mbele ya jicho), ubongo bado lazima ufundishwe kulitumia jicho, na kwa kawaida hufanyiwa wenye miaka 18 na kuendelea. Nami naona ni mapema mno! Wazazi mliotibiwa watoto hospitali za Ruharo au Mengo, mliwazoeshaje kibandiko? Matone ya atropini (ya kutia ukungu jicho lisilo na tatizo badala ya kibandiko) je, yaliwasaidia?